Yuliana Alivyomtia Nyimbo Mgeni wa Njaa

Nyumba yangu na ya Yuliana zilipakana kwa ukuta mmoja wa udongo pale Temeke Mikoroshini, kwa hiyo mambo yake nayajua, hata yale ambayo sikuomba kuyajua. Alikuwa mwimbaji. Akiwasha jiko anaimba, akichuja maji anaimba, akimsuka binti yake anaimba, na mimi nimeinamia karai langu la maandazi, kichwa kinaniuma, namsikiliza kwa lazima. Nikimwambia, mama Adelina, hebu tupumzishe kidogo, anajibu kwamba bila yeye hata kuku wangu hawatagi. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Sijapata jirani mbishi kama yule, na sijapata jirani niliyempenda kama yule.

Kwao ni Masasi. Alilelewa karibu na misheni, masista wakamfundisha kupanga sauti za kwaya, na alipoolewa alikuja mjini na mumewe Albano, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Yuliana akapata kazi kiwanda cha nguo. Albano hakupata kazi, au niseme alikuwa na kazi ambayo serikali haikuihesabu. Alikaa uani kwake tangu asubuhi na tezo lake, anachonga, anauza kwa mtu anayewauzia wageni mjini, na jioni vumbi la mti limemkaa kichwani mpaka kwenye kope. Alikuwa mpole. Watoto wao walikuwa wawili, Adelina wa darasa la pili na Romani ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka.

Sasa, asiyeishi Dar es Salaam miaka ile hawezi kuelewa hofu tuliyokuwa nayo ya lori. Ilikuwa imetangazwa kwamba kila mtu lazima afanye kazi, na asiye na kazi mjini apelekwe kijijini akalime. Neno lenyewe lilikuwa zuri, na mimi nililipigia makofi mkutanoni kama wenzangu. Lakini neno likishuka kutoka mkutanoni likafika mtaani linakuja na mgambo. Linasimama mlangoni kwako linasema, kitambulisho cha kazi kiko wapi? Ukiwa nacho, unalala. Usipokuwa nacho, unapanda garini na nguo uliyovaa. Walishaanza Kiwalani, walishapita Keko, na kila mtu Mikoroshini alikuwa akijiuliza zamu yetu itakuja lini. Mimi nilikuwa na leseni yangu ya maandazi. Yuliana alikuwa na kadi ya kiwanda. Albano alikuwa na tezo.

Yuliana alilijua hilo kuliko sisi sote, na ndilo lililomfanya akubali kumpa mwalimu Gaspar sauti yake.

Mwalimu Gaspar alitoka bara, Upare huko, kijana mrefu aliyevaa soksi hata kwenye jua la saa nane. Alifundisha shule ya msingi ya mtaani kwetu. Alikuwa na kitabu kimoja cha zamani, kimechakaa, kinaitwa Mgeni wa Njaa, ambacho watu waliosoma shule za kati enzi za Mwingereza walikijua wote, maana walilazimishwa kukisoma. Mwandishi wake alikwishafariki. Jioni moja Gaspar alikisoma kwa sauti uani kwa Yuliana, na mimi nikasogeza kigoda changu. Kinasimulia kijiji kilichoingiliwa na njaa. Akaja mgeni, mtu wa sura ya upole, ana gunia begani na sauti nzuri ya kuimba. Akawa anauliza nyumba kwa nyumba, nani hapa hana kazi leo? Mtoto aliyekaa bure akaitikia wimbo, akaingia guniani. Kisha mgonjwa. Kisha bibi kizee. Kila akiingia mtu, gunia halizidi uzito. Mwisho kijiji kimekuwa kimya, Mgeni ananawa mikono mtoni, anamwuliza mvuvi njia ya kwenda kijiji cha pili. Ndiyo basi. Kitabu kimekwisha. Nilirudi kwangu nikafunga mlango kwa komeo na kwa kiti.

Kilichotokea ni kwamba wilaya ilitaka kila tawi litoe mchezo wa siku ya Sabasaba, mchezo wa familia nzima, wazazi na watoto wao. Gaspar akapata wazo la vikaragosi: wanasesere wa mti wenye viungo vinavyokunjika, wanaochezeshwa kwa vijiti nyuma ya pazia, huku kwaya ya watoto inaimba. Hadithi ndiyo hiyo ya Mgeni, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Albano angechonga, Yuliana angetunga nyimbo. Na kikundi kikikubaliwa, kingeandikishwa kuwa kikundi cha utamaduni, kila mmoja apewe kitambulisho cha kazi. Gaspar alipotaja kitambulisho nilimwona Yuliana anamtazama mumewe. Albano alikuwa amejichoma kidole anakinyonya, wala hakusikia.

Akaja bwana wa utamaduni kutoka wilayani kusikiliza. Mtu mnene, mcheshi, suti ya mikono mifupi, mifuko minne. Gaspar alipomsimulia hadithi mpaka mwisho, yule bwana akacheka, akasema, "Ndugu mwalimu, kwa hii utawaua watoto wa watu."

Kisha akafikiri. Akasema hadithi yenyewe ni nzuri, ila imegeuzwa kichwa chini na mtu wa kikoloni aliyeiandika. Huyu Mgeni ni nani? Ni mtu anayewachukua wasio na kazi. Sasa ubaya uko wapi? Anawapeleka kwenye shamba la pamoja, wanajifunza kulima, gunia linafunguka wanatoka na mahindi, na kijiji kinashiba. Alisema watu wanaogopa kuhamia vijijini kwa sababu ya hadithi kama hizi walizolishwa utotoni, basi tuwape hadithi nyingine. Alisema haya yote kwa uchangamfu, akila maandazi yangu.

Mwalimu Gaspar aliinamia soksi zake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kitabu kile kiliandikwa ili mtoto aogope kumfuata mtu asiyemjua. Yule bwana akamjibu kwamba siku hizi hakuna mtu tusiyemjua, sote ni ndugu.

Baada ya kuondoka nilimwambia Yuliana wazi. Nilimwambia, shoga, hilo joka umelitoa meno ukampa mwanao achezee, na joka lenyewe hujaliuliza. Alinikasirikia. Alisema watoto wa Mikoroshini wana vitisho vya kutosha, wanalala wanaota mgambo, kuna ubaya gani wakipata jioni moja ya kucheka? Akaongeza, "Na mie nataka mume wangu awe na karatasi. Kwa karatasi hiyo, dada Tabu, nitamwimba hata shetani awe malaika."

Ningekuwa mimi ningeimba vilevile.

Basi akatunga. Na lazima niseme kweli, alitunga vizuri mno, ndiyo iliyokuwa balaa. Laiti wimbo ungekuwa mbovu. Ulikuwa mwepesi, wa kurukaruka, mtoto akiusikia mara moja ameshaushika:

Gunia la Mgeni, funguka,
waliokwenda wanarudi,
walikwenda mikono mitupu,
wanarudi na mahindi.

Katika wiki chache mtaa mzima uliuimba. Wasichana waliruka kamba nao. Walikuwa na mchezo wao: mmoja anakuwa Mgeni, ana kanga begani, anapita anauliza nani hana kazi leo, na wenzake wanagombea kuingia kwanza. Walipigana kabisa, wanavutana nguo, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuchukuliwa. Nilikuwa nawatazama kutoka kibarazani kwangu. Nikawafukuza mara nyingi tu, nikaambiwa bibi huyu ana roho mbaya.

Albano alichonga watoto wa mti wa msufi, kwa sababu ni mwepesi, mkono wa mchezaji hauchoki. Kila mmoja alikuwa na sura yake. Tulikaa uani tunawatambua: huyu mtoto wa jirani yetu Tunu, huyu yule mwenye masikio. Wale aliwaacha wazi kila mtu aone. Lakini Mgeni hakumwonyesha mtu. Alimchonga ndani, mlango umefungwa, na akitoka anamfunika kwa kaniki. Hata mkewe hakumwona. Kwao Wamakonde lipiko, sura ya mti anayovaa mchezaji wa ngoma, halionwi na wanawake wala watoto kabla ya siku yake. Linachongwa mafichoni, linatokea siku ya ngoma, basi. Kikaragosi hakikuwa lipiko, lakini mkono uliokichonga ulikuwa ni ule ule, na Albano hakujua njia nyingine ya kuchonga sura iliyo kubwa. Yuliana, mtoto wa misheni, alimtania kwamba amemwoa na bado anamficha mti. Albano akatabasamu tu. Nami siwalaumu. Ila nasema, laiti mwanamke mmoja tu angekifunua kile kitambaa, mimi au yeye, habari hii isingekuwapo.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliitwa mzee Fakihi. Mtu wa Rufiji, safi, kanzu yake haina doa hata siku ya mvua. Alikuwa na kidevu kirefu chenye ndevu chache, na kope la jicho la kushoto limelegea, ukimtazama unadhani anakukonyeza. Mgambo walipokuja mtaani yeye ndiye aliyewaambia nani ana kazi na nani hana. Neno lake ndilo lililokuwa kitambulisho cha kwanza kabla ya karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kumficha Albano mara mbili, akisema huyo ni fundi wa shule, anatengeneza madawati. Alipenda heshima. Ukimpita bila shikamoo alikumbuka mwaka mzima.

Siku ya Sabasaba uwanja wa shule ulijaa. Pazia la kanga zilizoshonwa pamoja lilifungwa kati ya milingoti ya goli, wakubwa wameketi mbele kwenye viti, bwana wa utamaduni katikati, mzee Fakihi kulia kwake na kofia mpya. Nyuma yao wananchi, wengine juu ya ukuta. Kwaya ya watoto ikaanza, Yuliana mbele yao anapiga mkono kuwaongoza. Vikaragosi vya watoto vikatoka, watu wakawatambua, wakashangilia. Kulikuwa na furaha ya kweli pale, sitaki kuificha. Hata mimi nilisahau ile roho yangu mbaya.

Kisha ngoma ikapigwa peke yake, na Mgeni akatokea juu ya pazia.

Kidevu kirefu. Ndevu chache za katani. Kofia imesukumwa nyuma kidogo, vile vile. Na kope la kushoto lililolegea, ambalo Albano alikuwa amelifunga kwa uzi ili aweze kulifungua na kulifunga, na akalifanya likonyeze. Kikaragosi kikageuka huku na huku, kikainama mbele ya viti vya wakubwa, kikauliza kwa sauti ya Albano mwenyewe, nani hapa hana kazi leo?

Halafu mtu mmoja juu ya ukuta, mtu mzima, aliyesoma kitabu kile zamani chini ya fimbo, akasema kwa sauti, "Mla watoto kumbe ni balozi!"

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ilikuwa ni kicheko cha watu waliobana hofu muda mrefu, na kilipotoka hakikuzuilika. Walicheka watu ambao waume zao na kaka zao walikwishachukuliwa. Bwana wa utamaduni, ambaye hakuelewa vizuri, alicheka pia, akampiga mzee Fakihi begani. Na mzee Fakihi akacheka. Nilikuwa upande wa kulia namwona sawasawa. Meno yalicheka. Yale macho mawili, lililolegea na lisilolegea, yalibaki kwenye kikaragosi.

Mchezo uliendelea mpaka mwisho, gunia likafunguka, watoto wa mti wakatoka na mahindi ya mti, makofi kama mvua. Yuliana alikuwa ameacha kupiga mkono. Kwaya ilimaliza yenyewe.

Uani kwao nilimkuta amekaa chini, anamwuliza mumewe alikuwa akifikiri nini. Albano alishangaa kuulizwa. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwao, sura ya ngoma haichongwi ya mtu asiyekuwapo. Unachonga mtu anayejulikana, aliyeko hapo hapo, mwenye jina. Unamweka mbele ya watu wake, watu wanacheka, naye anasimama anacheka, anakutunza, na tangu siku hiyo mnakuwa kitu kimoja. Hachongwi mtu wa hivi hivi. Na kwa kuwa Mgeni sasa ni mtu mwema, alijiuliza ni nani mwema anayetubeba sisi hapa mtaani. Akamwona mzee Fakihi, aliyemwokoa mara mbili. Alitaka kumshukuru.

"Mbona alicheka," akasema Albano. "Nyie hamkumwona anacheka?"

Yuliana alijifunika uso kwa kanga.

Siku zilizofuata mtaa ulijifanya umesahau, isipokuwa watoto. Wale hawakuwa wamesoma kitabu. Wao walimjua Mgeni mmoja tu, yule mwema, na sasa walikuwa wamempata anatembea barabarani na kanzu nyeupe. Walimfuata mzee Fakihi kila aendako. Walimshika kanzu kwa mikono yenye matope, wakamwimbia afungue gunia, wakagombania kutembea karibu naye. Walimpenda. Nadhani hata wajukuu wake hawakupata kumpenda hivyo. Na yeye, kila aliposikia wimbo ule nyuma yake, alijua ni mtaa mzima unamcheka kwa midomo ya watoto. Akaacha kupita njia yetu. Nilimwamkia sokoni, akaitikia kwa kuinua fimbo tu.

Kikundi kikakubaliwa. Vitambulisho vikaletwa tawini. Mwalimu Gaspar akapata, ingawa hakukihitaji, na waimbaji wakubwa wakapata, hata mimi niliyeimba kiitikio tu. Cha Albano hakikuwapo. Yuliana alikwenda kwa balozi, nikamsindikiza. Mzee Fakihi alitukaribisha vizuri, akaagiza tuletewe maji. Akasema kikundi ni cha nyimbo, na mwenzetu haimbi. Kuchonga ni mchezo, si kazi, ndivyo walivyoamua wakubwa. Yuliana akampigia magoti. Sikupata kumwona yule mwanamke akipiga magoti isipokuwa kanisani. Akamwomba radhi kwa niaba ya mumewe, akamweleza desturi ya kwao, kwamba ile ilikuwa shukrani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Inuka, mama Adelina," akasema. "Mie sina kinyongo na mtu. Si nilicheka?"

Njiani Yuliana aliniuliza kama nimeliamini hilo. Nikamdanganya, nikasema ndiyo.

Hofu ikaniingia kwelikweli pale Albano alipotaka kutengeneza mambo mwenyewe. Aliona kosa lake ni kwamba hakukamilisha desturi: sura ilikuwa imechezwa lakini mwenyewe hajakabidhiwa. Alisubiri Ijumaa baada ya swala, mkewe yuko zamu, mzee Fakihi yuko kibarazani na wageni wake waliotoka msikitini. Akaenda amevaa shati la kanisani, amebeba kile kikaragosi kwa mikono miwili, akamwekea magotini. Alimwambia, shikamoo mzee, hiki ni chako. Walionisimulia wanasema wageni walikuwa wakitazama kile kichwa, kisha wanamtazama mwenye nyumba, kisha wanatazama chini, na mabega yao yanatikisika. Mzee Fakihi alikishika kikaragosi muda mrefu. Akalifungua lile kope kwa kidole, akalifunga.

Akasema, "Marahaba, ndugu Albano. Nitakirudisha."

Albano alirudi amefurahi. Aliniambia yamekwisha.

Lori lilikuja Jumatano asubuhi, jua limeshapanda, wanawake wa kiwandani wamekwisha kwenda kazini. Halikuja na kelele. Lilisimama kwenye mkorosho mkubwa, mgambo wakashuka, na mzee Fakihi alikuwa pamoja nao, kanzu nyeupe, anaonyesha nyumba kwa fimbo. Aliwaonyesha kijana mmoja wa nyumba ya Tunu. Akawaonyesha muuza kahawa. Halafu fimbo ikaja kwetu. Nilitoka na mikono ina unga, nikamwambia, mzee Fakihi, unamjua huyu, si ni fundi wa madawati? Hakunitazama. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Hapa nani hana kazi leo?"

Albano alikuwa amekaa uani na tezo mkononi, kazi nusu imetoka kwenye mti. Waliinua mikono yake, wakaangalia viganja, wakamwambia apande. Akaniomba niwaangalie watoto mpaka mama yao atakaporudi. Ndiyo maneno aliyoniambia, hakuna mengine.

Na watoto ndio walioniua. Walitoka kila nyumba, maana ilikuwa likizo, wakamwona Mgeni wao amesimama kando ya lori na watu wanapanda wasio na kazi, mmoja mmoja, vile vile kama mchezoni. Wakapiga makofi. Wakaanza kuimba. Adelina alikuwa mbele, anapiga mkono kama mama yake, na Romani anarukaruka, anamwita baba yake amletee hindi kubwa. Watu wazima walikuwa wanalia milangoni na watoto wanashangilia. Wawili walijaribu kupanda, mgambo wakawashusha. Albano aliwatazama wanawe kutoka juu ya lori. Nilimwona anafikiri. Kisha akafungua mdomo akaitikia wimbo pamoja nao, yule mtu asiyeimba, ili wasiogope. Aliimba mpaka lori lilipokata kona kuelekea barabara ya Pugu.

Hakurudi. Tulisikia alipelekwa kijiji cha mbali, tukasikia tena kwamba alitoroka akapita msituni, na mtu mwingine akasema homa ilimkuta njiani. Mwalimu Gaspar alimtafuta kwa baiskeli na kwa mguu, akauliza kila ofisi, mpaka na yeye akahamishwa. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile sisi hatukujua lolote ila kwamba saa ilikuwa inakwenda na Yuliana anakuja.

Alirudi alasiri, nyuzi za kiwandani zimemganda kwenye nywele. Alisikia habari tangu kituoni, akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. Alikuta wanawe wamekaa kwenye kizingiti, wamenawa, wamevaa nguo za Jumapili. Nilikuwa nimeshindwa kuwaambia kitu. Adelina alikuwa ameshika ungo mtupu mapajani. Akamwambia mama yake wasipike leo, kwa sababu baba ameingia guniani na atarudi na mahindi.

Yuliana alipiga magoti mbele yao. Alikuwa anahema. Alimshika binti yake mabega, akamwambia polepole kwamba ule ulikuwa mchezo. Gunia halifunguki. Katika kitabu hakuna anayerudi. Adelina alimsikiliza kwa uvumilivu, kama mtoto mwenye akili anayemsikiliza mtu mzima aliyekosea.

"Linafunguka, mama," akasema. "Wewe ndiye uliyesema."

Na Romani, kumsaidia mama yake akumbuke, akaanza kuuimba wimbo tangu mwanzo, kwa sauti yake nyembamba isiyo na kosa hata moja. Alifika kwenye waliokwenda wanarudi. Yuliana akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, akambana kichwa ukutani, na akaendelea kumziba huku mtoto anamtazama kwa macho makubwa na Adelina anamvuta mkono. Nilikimbilia kumtoa. Mkono ulikuwa mgumu, ilibidi nivute kidole kimoja kimoja. Hapo ndipo watoto walipoanza kulia.